Mtazamaji wa Paa na Baba Mkwe Wake

Wiki iliyopita nilirudisha koleo, mkanda wa usalama na viatu vyenye meno ya chuma. Koleo ndilo lililoniuma, maana mpini wake ulikuwa umeshazoea mikono yangu. Safari, ambaye siku hizi ndiye msimamizi wenu, akaniambia, "Mama Neema, uandikie aba batoto vile kazi iko. Banafikiri theluji ni pamba." Basi nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kusafisha theluji kwenye mapaa. Niko Louisville, mtaa wa Newburg, nyumbani kwa binti yangu, ambako theluji ikifika kwenye kifundo cha mguu shule zinafungwa na watu wanagombania mkate dukani. Nyinyi wa Buffalo mtacheka. Chekeni tu, na mimi nilicheka.

Nani alipandishwa cheo na nani alinuna, hayo mtaulizana wenyewe. Mimi nitasimulia kazi, na siku moja ya kazi ambayo hata sasa nikiikumbuka nainamisha kichwa, ingawa niko peke yangu jikoni.

Nilizaliwa kwenye milima ya Kivu Kusini, mahali pa nyasi, ng'ombe na ukungu. Mlima ukiporomoka kwa mvua nilishauona, na nilishamwona mtu akitolewa chini ya udongo. Theluji sikuijua. Amerika tulifikia hapa hapa Louisville, nikafunga maboksi kwenye ghala moja la mtaa wa Shively. Baadaye tukahamia Columbus, nikawa naogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Huko ndiko nilikoanza kuogopa mapaa. Mchana mmoja jua lilitoka baada ya siku kadhaa za theluji, nami nilikuwa nimebeba kapu la nguo nje, mara theluji yote ya upande mmoja wa paa ikashuka kwa pamoja ikavunja benchi la mbao. Hakuna aliyekuwa amekaa pale. Wenzangu wakasema ni theluji tu. Mimi nilirudi ndani nikaliacha kapu huko huko, kwa sababu mshindo ule ulikuwa wa mlima wa kwetu.

Kwa hiyo tulipohamia Buffalo, ambako ziwa linatema theluji kama lina ugomvi na watu, na nikasikia kuna kampuni ndogo inayotafuta watu wa kusafisha mapaa, nilikwenda. Mume wangu, Baba Neema, alinishangaa. Nilimwambia afadhali niwe mahali ambapo watu wanaogopa ninachokiogopa.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa sketi juu ya suruali. Katika kanisa letu mwanamke havai suruali, nami nilidhani nimepata njia ya kumridhisha Mungu na kampuni kwa pamoja. Aliyetupokea alikuwa Walter, mzungu wa Buffalo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye milima mikubwa ya magharibi, akilinda watu wanaoteleza na kuwafukua waliofunikwa na maporomoko. Magoti yalipomwishia alirudi kwao. Alisema nasi Kiingereza cha polepole, nami hapa nakitia kwenye Kiswahili. Akaitazama sketi, akatazama ngazi, akasema, "Mama, moja kati ya hizi mbili itakuua. Chagua wewe ibaki ipi." Nikaivua nyuma ya gari huku machozi yakinilenga. Jioni nilirudi nyumbani nimeivaa tena, na hivyo ndivyo nilivyofanya majira yale yote ya baridi.

Walter hakutufundisha kusukuma koleo kwanza. Alitufundisha kutazama. Alichimba shimo kwenye theluji mpaka chini, akalainisha ukuta wake kwa mkono, akatuonyesha kwamba theluji ina tabaka: hii ya juzi ni ngumu, hii ya jana ni laini, na katikati kuna chembe zilizolegea kama sukari. Juu ya ile sukari ndipo kila kitu kinateleza. Paa la bati ni baya zaidi, kwa sababu joto la nyumba linayeyusha theluji kwa chini bila wewe kuona. Unaweza kulitazama kwa jicho la kawaida ukadhani limetulia. Kisha jua la mchana linatoka, ufa mwembamba unafunguka kule juu, na mzigo wote unashuka kabla hujamaliza kusema ee.

Tulivyofanya kazi ni hivi, nanyi msibadilishe. Watu hawapiti chini ya ukingo wa paa ambalo bado lina mzigo, hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu. Mahali penye mteremko mnapita mmoja mmoja, wengine wakisubiri pembeni na kutazama. Kila mtu anabeba koleo lake na ufito wake mrefu wa kuchoma theluji kumtafuta aliyefunikwa, hata kama mnakwenda kula tu, kwa sababu aliyefunikwa pumzi yake ni ya muda mfupi mno na hakuna gari la wagonjwa litakalomfikia kabla ya wenzake. Na daima mtu mmoja anasimama mbali, upande ambao theluji haiwezi kufika, hashiki koleo wala simu. Huyo ni mtazamaji. Akipiga kelele, hata mwenye kampuni anakimbia kwanza, maswali baadaye.

"Na unaita jina," Walter alisema. "Ukisema 'wewe', kila mtu anafikiri ni mwenzake."

Mwaka wa pili akanifanya mtazamaji. Wanaume hawakupenda, hasa Safari, wakati ule akiwa kijana mwenye mdomo. Lakini macho yangu yalikuwa mazuri na sauti yangu ilizoea kuita ng'ombe toka bonde hadi bonde. Nikaifanya kazi ile kwa raha, nikawa nawaita kwa majina wazee kwa vijana, na hakuna aliyeona vibaya. Hao hawakuwa wakwe zangu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo nyinyi mliozaliwa hapa hamlijui. Kwetu mke hatamki jina la baba wa mume wake. Hamwiti, hamwamrishi, na akipita njia nyembamba humpisha. Jina la baba mkwe wangu, ambalo sitaliandika, lina ndani yake neno la lugha yetu lenye maana ya maziwa. Kwa hiyo tangu niolewe maziwa niliyaita "cheupe". Watoto wangu walikua wakidhani ndilo jina lake, na Neema alishamwambia mwalimu kwamba asubuhi amekunywa cheupe. Aliporudi akanieleza kwa Kiingereza jinsi darasa zima lilivyocheka.

Baba mkwe alikuwa akiishi Columbus na mwanawe mdogo, karibu na chuo kikuu, katika chumba ambacho wanafunzi walipiga muziki ukutani. Alipochoka nao alikuja Buffalo akaomba kazi kwetu. Alimwambia mume wangu, mume wangu akaniambia mimi, mimi nikamwambia Walter. Walter akauliza, "Huyo mzee anaishi wapi?" Nikasema, nyumba moja na mimi, chumba cha chini. Akauliza mbona basi hakuniambia mwenyewe.

Nikamweleza desturi, nikamwomba asituweke kundi moja. Alidhani tumegombana. Nikamwambia hapana, namheshimu sana. Akasema familia yake yeye ingefaidika mno kwa heshima ya namna hiyo. Lakini alinisikiliza, na kwa miaka kadhaa baba mkwe alikwenda na gari moja, mimi na jingine. Alikuwa mfanyakazi mzuri, mkimya, mzee wa kanisa anayesalimia kila mtu kwa mikono miwili.

Ile siku, wenzetu wawili waliugua na tukabaki na gari moja. Tulikuwa na kazi kwenye vilima vya kusini mwa Buffalo, nyumba za mbao zenye mapaa ya bati yaliyosimama wima, mahali ambapo barabara haikuwa imefunguliwa. Theluji ya ziwa ilikuwa imeanguka siku baada ya siku, kisha asubuhi ile jua likatoka na hewa ikawa ya joto. Walter hakupenda. Tulivaa vile viatu vipana visivyozama, tukapita chini ya mteremko mmoja mmoja, baba mkwe akipita mbele yangu nami nikimtazama mgongo kama kanuni inavyosema. Hiyo peke yake ilinitia haya.

Walter alinipanga mtazamaji. Nikamvuta kando nikamwambia siwezi, yule mzee yupo. Akasema, "Basi omba Mungu asifanye ujinga." Akapanda upande wa nyuma na Safari. Baba mkwe akabaki chini kuchimba njia, mbali na ukingo, mahali salama kabisa.

Ujinga haukuwa wake, ulikuwa adabu. Mlango wa mbele ukafunguka, akatokea mwenye nyumba, bibi mzee wa kizungu mwenye nywele nyeupe, akiwa na kikombe cha kahawa. Akampungia baba mkwe mkono. Mtu wa kwetu hamwachi bibi mzee amesimama mlangoni na kikombe. Kukataa ni kumtukana, na kumwambia akiweke chini ni kumtukana zaidi. Baba mkwe akachomeka koleo, akavua glavu, akaenda mpaka mlangoni, chini ya paa lote lile, akakipokea kikombe kwa mikono miwili na kuinama. Kisha akabaki pale pale anakunywa, kwa sababu kahawa ya mtu huinywi ukiwa umempa mgongo.

Nikatazama juu. Ufa ulikuwa umefunguka karibu na mgongo wa paa, kutoka kwenye bomba la moshi hadi mwisho. Na nikasikia ule mguno wa theluji inayokaa vizuri kabla ya kuondoka.

Nikaita, "Mzee!" Hakugeuka. Alikuwa amevaa kofia ya manyoya iliyofunika masikio. Nikaita, "Baba!" Safari akachungulia toka nyuma, ndiye aliyegeuka. Baba mkwe akapuliza kahawa yake.

Basi nikaliita jina lake. Nililiita lote, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Likagonga ule upande wa pili wa bonde likarudi. Kisha nikamwambia, "Toka! Kimbia! Kimbia!" kama mtu anayemfukuza mbwa.

Alikimbia. Kikombe kikaruka, kofia ikadondoka, viatu vipana vikakanyagana akaanguka kifudifudi kwenye theluji mbele ya wote, kichwa chake cha mvi kiko wazi. Bibi akafunga mlango. Walter na Safari wakasimama juu ya ngazi. Sote tukalitazama paa.

Halikushuka.

Tulingoja. Jua liliwaka, matone yakadondoka toka ukingoni, tone, tone, na theluji ikakaa pale kama mgeni asiyejua kuaga. Baba mkwe akainuka, akajipangusa kifua polepole. Safari akacheka. Sidhani alikusudia, lakini alicheka.

Walter akaupima ufa, akafunga upande ule kwa kamba, na mchana tukaishusha theluji ile kwa vipande, bila kelele, kama tunamenya yai. Haikunipa hata mshindo mmoja wa kunitetea. Nilitamani ianguke. Mwanamke mzima, Mkristo, nilisimama pale nikiomba maporomoko.

Kwenye gari baba mkwe alikaa mbele na dereva, akatazama dirishani. Nyumbani mume wangu hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema tu, "Juu ya nini haukutuma mutu?" Nikamwambia hapakuwa na mtu. Akasema, "Safari alikuwa pale." Safari alikuwa juu ya paa. Lakini nilijiuliza swali hilo hilo nikiwa naosha vyombo, nikaosha sahani moja mpaka maji yakapoa.

Kanisani habari ilinitangulia. Kina mama walinisalimia vizuri kupita kiasi. Kwetu kosa kama lile linaombewa radhi kwa chakula, kwa hiyo nilisonga bugali, nikapika sombe ya majani ya muhogo na samaki, nikachukua na jagi la cheupe, tukashuka mimi na mume wangu mpaka chumbani kwake. Nilikaa kwenye mkeka, macho chini. Mume wangu akasema kwa niaba yangu.

"Baba, huyu mama anaomba radhi."

 Baba mkwe akamwambia mwanawe, si mimi, "Aliniita namna banaitaka mutoto ku soko. Mbele ya bazungu. Mbele ya Safari."

"Ni kazi, Baba. Aliona theluji inakuya."

"Bon. Na ile theluji, ilianguka?"

 "Hapana, Baba."

"Donc? Basi?"

Jibu, hata kama lingekuwapo, halikuwa langu kulitoa. Baba mkwe aliionja mboga kwa ncha ya kidole, kwa adabu, akaisogeza sahani. Wiki ile ile akarudi Columbus kwa mwanawe mdogo na ule muziki wa ukutani. Mzee wa watu aliona afadhali makelele ya wanafunzi kuliko yangu.

Nikamwendea Walter nikamwambia aniondoe utazamaji, anipe koleo tu. Alikuwa anapaka mafuta vile viatu vya meno. Akaniambia kwamba kule milimani ukiwageuza watu njiani kwa sababu mteremko haukupendezi, na mteremko ukakaa kimya, jioni watakucheka mezani. Mara nyingi mlima haukuambii kama ulikuwa sahihi. Akasema, "Ningekuwa napenda kuonekana mwerevu, ningefanya kazi nyingine. Mimi nilipenda kuchekwa na watu wazima wenye miguu yote miwili."

Maneno mazuri. Hayakunisaidia. Yeye alichekwa na wageni, mimi nilimwangusha kifudifudi babu wa watoto wangu. Majira yale yote nilibaki kuwa mtazamaji kwa sababu alikataa kuniondoa, na kila nilipoita jina la mtu niliona haya kwanza, kisha ndipo niliita. Hilo ni hatari, nawaambia kweli. Mtazamaji anayeona haya anachelewa, na siku mbili nilichelewa. Walter aliona. Majira yaliyofuata alikuja na utaratibu mpya: asubuhi, kabla mtu hajaenda kwenye paa, anasimama mbele ya mtazamaji anasema jina lake, na mtazamaji analirudia kwa sauti. Alisema ni kwa ajili ya wafanyakazi wapya. Hakukuwa na mfanyakazi mpya hata mmoja.

Mwanzoni mwa majira hayo, asubuhi ya theluji ya kwanza nzito, gari lilisimama na baba mkwe akashuka. Hakuna aliyenieleza kwamba amerudi. Mume wangu alijua, akanificha. Anasema aliogopa ningejifanya mgonjwa, na ni kweli ningejifanya. Amevaa kofia ile ile. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga mlango wa gari.

Walter akamweleza utaratibu kwa Kiingereza chake cha polepole, akinionyesha mimi kwa kidevu. Nilimwomba Walter kwa macho amtoe. Akajifanya anahesabu kamba. Wanaume wakapita mmoja mmoja, kila mtu na jina lake, nami nikarudia. Akabaki yeye.

Alisimama mbele yangu nami nikatazama viatu. Akasema jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama kwenye dirisha la ofisi. Sikulirudia. Wenzetu wote wakaacha kufunga kamba, hata Safari. Masikio yaliniwaka ndani ya kofia. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani, labda ile ngazi:

"Tangu mama yangu alikufa, hakuna mutu alishaita ile jina na woga vile, sawa ile siku ya kahawa."

Akageuka. Akanipa mgongo, makusudi, ili nisimtamkie usoni. Akavua kofia masikio yakabaki wazi kwenye baridi.

"Bon," akasema. "Ita."

Nikaita, kwa sauti ndogo, ya chumbani.

"Sisikie."

Nilikuwa nalia, na ninyi msidhani ni machozi ya furaha, yalikuwa ya haya tupu, na ndivyo nilivyo mpaka leo. Nikajaza kifua. Nikaliita jina la baba mkwe wangu, lote, kwa sauti ya kuvuka bonde, na mbwa wa jirani wakabweka.

Akaitika. Akavaa kofia yake juu ya masikio nusu tu, akachukua koleo, akapanda.